Gari inagonga mbele, gereji wakaniandikia milioni moja na nusu: yaliyotokea nilipoomba nionyeshwe

Naandika haya kwa kirefu kidogo maana najua kuna mtu muda huu amekaa na kwotesheni ya gereji kwenye simu, anaisoma juu chini, hela hana au anayo ila ni ya ada ya mtoto, na hajui hata aulize swali gani. Mimi nilikuwa huyo mtu mwezi wa sita 2024.

Gari yangu ni Toyota Spacio ya 2003, nyu modo kama tunavyoiita huku, niko nayo tangu 2019. Ndiyo inabeba kila kitu cha nyumbani, watoto shule asubuhi, mimi kazini, gunia la mchele, mama akija Dar kwenye kliniki yake ya macho. Naishi Bonyokwa, na zile mvua zilizoanza mwisho wa 2023 zikaendelea mpaka mwaka uliofuata zilitufanya vibaya sana, barabara za ndani zilichimbika zikabaki mawe na makorongo, ukitoka getini mpaka uikute lami gari imeshapanda na kushuka mpaka unajuta. Mwezi wa tatu hivi ikaanza kugonga mbele. Ko ko ko, tena ukienda taratibu, kwenye vishimo vidogo vidogo, ukifika lami inanyamaza kimya kabisa. Nikaizoea. Sauti ya gari ukishaizoea unaacha kuisikia, mpaka mwanangu wa pili ambaye hukaa mbele pembeni yangu siku moja akaniuliza mama mbona inagonga chini ya miguu yangu, nikazima redio nikasikiliza vizuri nikaona kweli imebadilika, sasa hivi hata nikikata kona kuingia getini kuna mlio mwingine, mmoja tu, tk, kama mtu anapoalisha kidole.

Na wiki ile tulikuwa na safari ya Muheza, arobaini ya baba mkubwa, Jumamosi. Mimi, watoto watatu, na mama mdogo. Mume wangu kazi yake iko Dodoma kwa hiyo dereva ni mimi. Jumatatu nikaipeleka gari kwenye gereji moja kubwa, zile za kisasa zenye sehemu ya kusubiria na kiyoyozi na kijana anakupokea na tableti mkononi. Sitaitaja na haina maana kuitaja. Nikalipa elfu 20 ya kukagua, gari ikapandishwa, mimi nikaambiwa nisubiri ndani huko kwenye kiyoyozi, baada ya kama saa nzima nikaambiwa mama nenda tu, ripoti tutakutumia.

Saa kumi jioni ikaingia pdf. Shokapu za mbele mbili laki 4 na 20. Mauntingi za shokapu mbili (vile vikalio vyake vya juu) laki 1 na 40. Loa amu mbili (mikono ya chuma ya chini inayoshikilia tairi na bodi) laki 3 na 60. Boljointi mbili (viungo vinavyounganisha amu na sehemu inayobeba tairi) laki 1 na 30. Stabilaiza linki mbili (vyuma vidogo vya kuunganisha stabilaiza, ile fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona) elfu 90. Bushi za stabilaiza, yaani mipira ya kati ya vyuma, elfu 40. Tairodi endi mbili elfu 90. Raki endi mbili laki moja (hizi na tairodi ni viungo vya usukani vinavyogeuza tairi). Ufundi laki 1 na 80. Alaimenti, yaani kupima tairi zikae sawa, elfu 35. Jumla 1,585,000, na chini kabisa kwa maandishi mekundu kwamba gari hii si salama kuendeshwa.

Nilishikwa na hofu kwanza, halafu hasira, halafu nikafanya kile ambacho nadhani watu wengi tunafanya, nikaizima simu nikaenda kupika. Kichwani nikajiambia hawa wameona mwanamke, wameandika gari nzima, hakuna kitu hapa, naenda Muheza nikirudi nitatafuta fundi mtaani anibadilishie kimoja kimoja. Naomba uikumbuke hii sentensi maana nitairudia.

Usiku watoto walipolala nikaifungua tena. Mimi kazi yangu ni ugavi, kila siku meza yangu ina kwotesheni za watu, za matairi, za karatasi, za kukarabati majengo, na nikikuta kwotesheni haina maelezo ya kwa nini kitu kinabadilishwa na ni cha aina gani nairudisha hapo hapo bila kuona aibu. Sasa nikaisoma hii ya kwangu kama ninavyosoma za kazini. Kitu cha kwanza, kila kitu ni viwili. Kushoto na kulia vyote vimekufa siku moja? Sauti mimi nasikia upande mmoja zaidi. Pili, shokapu za nani, mpya au mtumba, za Kijapani au za kuiga, hakuna. Tatu, kuna loa amu na kuna boljointi kwenye mistari tofauti, na hapa nikaanza kusoma soma. Kwenye hii Spacio boljointi imefungwa kwenye loa amu kwa bolti moja na nati mbili, unaweza kuitoa yenyewe ukafunga nyingine na amu ikabaki pale pale. Kwa hiyo kama amu nzima inabadilishwa lazima kuwe na sababu yake nyingine, imepinda, au bushi zake zimekufa. Ipi? Hawajasema.

Kesho yake nikapiga simu. Kijana alikuwa na adabu, sitamsingizia. Nikamuuliza kaka, hii raki endi imeonekana ina tatizo gani? Akaniambia mama hivi vitu vya miguu (vyuma vinavyobeba tairi) vinaendana, ukibadilisha kimoja ukaacha kingine utarudi. Nikamwambia sawa, ila imecheza au haijacheza? Akasema ngoja nimuulize fundi. Hakunirudia. Mchana nikaenda mwenyewe nikaomba gari ipandishwe tena nionyeshwe kila kilichoandikwa, nikaambiwa sehemu ya kupandishia imejaa, na kaka mwingine aliyekuwa pembeni akaniambia, tena kwa upole kabisa, dada si umpigie baba watoto tuongee naye, haya mambo ya miguu ni ya kiufundi sana. Niliumia. Sikugombana naye, nikamjibu kwamba gari ni yangu na naiendesha mimi, nikachukua funguo nikaondoka.

Jirani yangu mwenye bajaji ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja Tabata, fundi wa miguu tu, hagusi injini hagusi umeme. Eneo lenyewe ni uwanja wa mchanga wenye mwembe, jeki mbili, stendi, na boksi la spana. Nilimkuta amekaa kwenye tairi anakunywa chai. Shikamoo mzee, marahaba mama, gari inasemaje? Nikampa simu aisome ile kwotesheni. Akanirudishia bila kuisoma. Akasema kwanza tuisikilize gari, hiyo karatasi tutaisoma mwishoni.

Huu ukaguzi nauelezea wote maana ndio uliobadilisha kila kitu kwangu, na haukuchukua hata dakika 40.

Akaanza bila jeki. Akakandamiza kona ya mbele kwa uzito wake wote akaachia, gari ikapanda ikashuka mara moja ikatulia. Akafanya na upande wa pili, vile vile. Akainama akanionyesha mwili wa shokapu, vumbi limekaa sawasawa toka juu mpaka chini, kavu. Akaniambia shokapu iliyokufa inatapika mafuta, na penye mafuta vumbi linaganda tope jeusi, hapa pako wapi hapo? Hapakuwepo. Hizi shokapu zina umri mama lakini hazijafa. Kisha nikakaa kwenye usukani nikazungusha kushoto kulia yeye ameshika springi kwa kiganja, anasikiliza kama springi inaruka, maana mauntingi ya juu ikifa springi haizunguki laini, inajivuta halafu inaruka kwa mpigo. Ikazunguka laini. Hapo tayari laki 5 na 60 ya ile karatasi imekosa sababu na hatujatoa hata tairi.

Ndipo akapiga jeki mguu wa kushoto, akaweka stendi, tairi likaning'inia. Nikamuuliza kwa nini lazima lining'inie. Akanieleza kwamba kwenye gari kama hii uzito wote unashukia kwenye springi na shokapu, shokapu ndiyo nguzo, boljointi kazi yake ni kuushikilia mguu usikimbie huku ikiuachia ugeuke. (Baadaye nilisoma kwamba mpangilio huu unaitwa MacPherson, jina la injinia wa Kimarekani aliyeubuni miaka ya 1940, na ndio ulio mbele kwenye gari nyingi ndogo tunazoagiza kutoka Japani.) Gari ikikaa chini kila kitu kimebanana, kinaweza kikakuficha. Akashika tairi mkono mmoja juu kabisa mwingine chini kabisa akatikisa, likacheza. Akaniambia mama kanyaga breki. Nikakanyaga, akatikisa tena, likacheza vile vile. Kwa hiyo sio beringi, akasema, beringi ingekuwa ndiyo inayocheza ukikanyaga breki ingetulia. Akashika sasa pembeni kushoto na kulia ya tairi, akatikisa, imara. Hapo ndio tairodi na raki endi huwa zinajisema, na hazikusema kitu, akavua na tairi akashika kila moja kwa mkono, imara.

Halafu akachukua mtaimbo mdogo akauingiza kati ya loa amu na ile sehemu inayobeba tairi. Akaniambia mama njoo, weka kidole hapa. Nikapiga magoti kwenye mchanga nikaweka kidole penye kiungo cha boljointi. Akanyanyua mtaimbo kidogo tu. Nikausikia. Tk. Ile ile ya getini, ila sasa naisikia kwenye ncha ya kidole, chuma kinapanda na kushuka ndani ya chuma kingine kama milimita 2 au 3, na kimpira cha kufunika kimepasuka, kinatoa maji ya kahawia yenye mchanga badala ya grisi. Nilitoa mkono haraka kama nimeungua.

Nikamwambia mzee, kwa hiyo wale wa gereji waongo, maana hizi nyingine zote nzima. Akaacha kazi akaniangalia. Akasema hapana mama, usiseme hivyo. Hii wamekwambia kweli. Hii ikichomoka tairi linalala linaingia pembeni chini ya bodi, gari inadondokea upande huo, usukani huna tena. Ikikukuta unaingia getini utashukuru Mungu. Ikikukuta lami unakimbia na watoto, hapo sisemi.

Nilikaa kwenye lile tairi lake nikanyamaza. Mimi nilikuwa nimeshaamua naenda Muheza. Nilikuwa nimeshasema hakuna kitu, wameandika gari nzima, nikirudi nitaangalia. Na kilichonifanya niseme hivyo ni ile karatasi yenyewe. Kitu kimoja ambacho kweli kingeweza kutuua sisi watano kilikuwa kimeandikwa mstari wa nne, kati ya loa amu na stabilaiza linki, kwa herufi zile zile za vitu ambavyo vilikuwa vizima kabisa. Hili ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko hela. Mtu ukimrundikia vitu kumi na kumwambia vyote ni hatari, anaona bei, anaona kuibiwa, anaikataa yote pamoja na ile iliyo kweli. Wangeniandikia mstari mmoja tu, boljointi ya kushoto imekufa, usiendeshe, ningeibadilisha siku hiyo hiyo na nisingeuliza hata bei.

Tukaendelea. Boljointi ya kulia akaipima kwa mtaimbo huo huo, nikaweka kidole, haikucheza hata kidogo na kimpira chake kizima. Stabilaiza linki ndizo zilizokuwa zinapiga ko ko ko. Alifungua nati ya moja, ile linki ilipoachiwa ikaanguka yenyewe ikaning'inia kama mkono wa mtoto aliyelala, akasema linki ambayo haijafa unaipeleka kwa mkono na inabaki pale ulipoiacha. Akatoa zote mbili, akafunga tairi, akaniambia nizunguke mtaa taratibu sana bila kuvuka vichochoro viwili, yeye kakaa pembeni. Mashimo yale yale, ko ko ko hakuna. Miezi mitatu ya kelele ilikuwa ni vyuma viwili vidogo kila kimoja kama urefu wa kalamu. Bushi za katikati za stabilaiza zimelika, za bei rahisi, akasema tubadilishe tukiwa hapo hapo. Bushi za nyuma za loa amu zina nyufa ila mpira bado umeshikamana na chuma, hapo akaniambia zinaweza kusubiri miezi sita hivi, ukianza kusikia gari inavuta upande ukishika breki usisubiri tena. Amu zenyewe hazijapinda.

Akachana kipande cha boksi la sigara akaandika kwa peni: boljointi 1 kushoto, linki 2, bushi staba 2. Basi. Gari akaniambia haitoki hapa, iache, uende na boda.

Jumatano nikaomba ruhusa kazini nikaenda Kariakoo, Gerezani. Nilibeba linki ya zamani kwenye mfuko na picha ya kadi ya gari yenye namba ya chesesi inayoanza na NZE121, maana ukisema Spacio tu kuna nyu modo na ya zamani na spea zake haziingiliani zote. Sijafika hata duka la kwanza winga, dalali wa madukani, ameshanishika mkono, dada unatafuta nini, njoo nikupeleke kwa bei ya jumla. Nawaheshimu wanatafuta riziki, ila cha juu chake kinatoka mfukoni mwako. Nikamshukuru nikapita. Duka la kwanza linki moja elfu 45, la pili elfu 38, la tatu elfu 30, boksi lile lile kwa macho yangu. Boljointi ndiyo niliyokaa nayo muda mrefu. Nilitaka za 555, chapa ya Kijapani ambayo mafundi wengi hapa wanaiamini na kwa sababu hiyo hiyo inaigwa sana, kwenye duka moja nikapewa ya elfu 18 na boksi linalofanana kabisa. Mzee alikuwa amenifundisha: ishike mkononi, isukume ile shina yake kwa kidole gumba, mpya nzuri ni ngumu, inakwenda kwa kubanwa na inakwenda sawasawa mduara mzima. Ya elfu 18 ilikuwa inalegea upande mmoja ikiwa bado mpya. Ya elfu 55 ilinibidi nitumie vidole gumba vyote viwili. Maandishi yamechongwa kwenye chuma, hayajagongwa juu juu, na ndani kuna nati yake na pini. Muuza duka akaniambia dada boljointi zinabadilishwa mbili mbili, nikamwambia shokapu ndiyo naelewa zinakwenda mbili mbili, boljointi ya kulia nimeishika kwa mkono jana ni nzima. Akacheka akanipa moja, na risiti ya mashine.

Boljointi 55,000, linki mbili 60,000, bushi 20,000. Ufundi wa mzee elfu 50, ukaguzi elfu 10 ambayo aliikataa nikamlazimisha. Niliporudi nilikaa pale pale kuangalia. Boljointi ya zamani ilivyotoka niliizungusha kwa kidole kimoja ikazunguka kama kijiko kwenye kikombe. Alipomaliza kukaza nati akapitisha pini akaikunja ncha zake, akaniita nione kwamba imekunjwa, akasema hii ndiyo inayozuia nati isijifungue njiani, ukiona fundi amerudishia ya zamani iliyokatika au ameacha kabisa mwambie arudie mbele yako. Na kwa ajili ya zile bushi za loa amu nitakazofunga baadaye akanipa neno ambalo sikuwahi kulisikia kwa fundi yeyote: bolti za bushi za mpira zikazwe mwisho gari ikiwa imekaa chini kwenye tairi zake, zikikazwa mguu unaning'inia basi gari ikishuka ule mpira unabaki umejisokota muda wote na unakatika mapema sana. Watu wanasema bushi feki kumbe ilikazwa hewani.

Alhamisi nikapima alaimenti, elfu 30. Tairi la kushoto lilikuwa limeanza kulika kwa ndani, nilikuwa sijaliona kwa sababu huku nje linaonekana zima, pitisha kiganja upande wa ndani wa tairi utasikia. Na nashukuru nilisubiri, maana kijana wa alaimenti aliniambia watu wengi wanaleta gari ina boljointi inacheza wanataka ipimwe, anaipima leo kesho imehama, hela imekwenda.

Ukijumlisha yote pamoja na ile elfu 20 ya gereji ni 245,000. Sitasema nimeokoa tofauti yote, sio kweli, bushi za amu zinakuja na shokapu za gari ya miaka 20 na ushee nazo siku yake itafika. Lakini nitazilipia siku yake na nikiwa nimeziona.

Ijumaa jioni nikamwandikia yule kijana wa gereji. Nilifikiria sana kama nimwandikie au niache. Nikamshukuru kwa boljointi, kwa moyo kabisa, maana ni fundi wao aliyeiona wa kwanza, nikamweleza kilichokutwa kwenye vitu vingine na nikamuuliza kwa nini waliviandika. Akanijibu kwa sauti, dakika mbili hivi. Akasema dada kusema ukweli sisi tukiandika kimoja mteja akarudi baada ya mwezi kingine kimeanza kugonga anasema tumemwibia, hataki kujua, anadai kufanyiwa bure, kwa hiyo tunaambiwa andika mguu mzima ili asirudi. Nilimwelewa. Nimeshaona na kazini, mtoa huduma anayeogopa lawama anajaza karatasi. Nikamwambia basi ongezeni safu moja tu kwenye hiyo karatasi yenu, kwa kila kitu andikeni: kimecheza, kinaanza kuchoka, au kizima ila tunapendekeza. Mteja akirudi mtamwonyesha mlimwandikia. Na yule anayetaka kuona mpandishieni gari aone, hata kama ni mwanamke, hasa kama ndiye anayeendesha. Akasema atalifikisha. Sijui kama alilifikisha, ila alisikiliza na hilo nalihesabu.

Na wewe uliyekaa na pdf yako, mimi ningekuomba kitu kimoja tu kabla ya kuanza kuvutana bei. Mwambie fundi akuonyeshe, na weka mkono wako. Sema hivyo hivyo kwa heshima, kaka naomba nione inavyocheza. Fundi anayejua kazi yake hakasiriki, yule mzee alifurahi, alikuwa ananieleza kama anamfundisha mwanae. Na kama kwenye orodha kuna boljointi au tairodi, hizo ziulizie kwanza kabla ya shokapu na kabla ya kelele, hata kama orodha nzima inanuka cha juu. Kelele nyingi za mguu wa mbele haziui. Hizo mbili zinaua, na wakati mwingine hazipigi kelele kubwa.

Jumamosi tulitoka saa kumi na moja alfajiri, tukapita Bagamoyo tukatokea Msata, watoto wamelala wote mpaka tulipokaribia Mkata. Nilikuwa nasikiliza kila tuta. Segera tulisimama kunyoosha miguu, mama mdogo akaenda kununua machungwa, mimi nikageuza usukani mpaka mwisho, nikapiga magoti pembeni ya tairi la kushoto nikapitisha kidole nyuma kule chini, polepole nisiguse diski maana ilikuwa ya moto. Kimpira kipya kilikuwa kikavu, kina vumbi tu.

Zile bushi za nyuma za loa amu nilizipangia mwezi wa kumi na mbili, mzee alishaniambia nije nazo asubuhi mapema kabla jua halijapanda.